Mruko wa Dobbin

Asubuhi ya maonyesho ya kadi mvua ya Dunmallow ilinyesha kwa ubavu, kama desturi yake, na Nola Tapscott alipanga foleni nje ya ukumbi wa klabu bila mwavuli. Mwavuli ulikuwa garini. Aliuacha makusudi, maana mkono mmoja ulikuwa mfukoni umeishika kadi, na ule mwingine aliutaka uwe mtupu, pengine angehitaji kumsukuma mtu.

Hakuwa mtu wa kusukuma watu. Katika miaka yake sabini ya kuishi kwenye mji ule wa machimbo, magharibi ya Tasmania, alijulikana kwa keki zake za ndizi na kwa kusema "hapana neno" hata pale palipokuwa na neno kubwa. Lakini leo alikuja kwa jambo moja tu, na alikwisha kujiapiza kwamba hatoki mle ndani bila kulipata: jina lake liandikwe kwenye picha yake, mbele ya watu, na litambulike.

Picha yenyewe ilikuwa ikimtazama pale pale kwenye foleni. Ilichorwa ukuta mzima wa ukumbi. Mchezaji mwenye jezi ya mistari ya kijani na nyeusi yuko hewani, magoti yamekunjwa, mikono imenyooshwa kuulaki mpira, maana mpira wa Australia hudakwa kwa mikono, na chini yake, mbali, kokoto. Uwanja wa Dunmallow hauna nyasi. Moshi wa tanuri la shaba na mvua isiyokatika viliziua zamani, watu wakamwaga kokoto wakaendelea kucheza. Ukianguka pale, ngozi yako unaiacha. Ndiyo maana wachezaji wa Dunmallow huruka kwa hesabu, na ndiyo maana mji mzima uliipenda picha ile: aliyeruka hakupiga hesabu yoyote. Chini ya picha palikuwa na herufi nyekundu: RAY DOBBIN, 1973.

Mchoraji aliinakili kutoka kwenye kadi. Mwaka ule kampuni ya chingamu ilitia kadi za wachezaji wa Tasmania ndani ya pakiti zake, na mpiga picha wao akaja Dunmallow Jumanne moja kumpiga picha Ray, nyota wa timu. Ray hakuwapo. Alikwenda mji wa Burnie kwenye harusi ya binamu yake, na sherehe zikamzuia kurudi. Mpiga picha akaanza kufunga vifaa vyake. Kocha Bert Quill akageuka huku na huku kama kuku aliyepoteza kifaranga, macho yake yakaangukia kamba ya nguo nyuma ya vyumba vya kubadilishia, ambako msichana wa kufua jezi alikuwa akianika. Nywele fupi, mabega mapana kwa kubeba ndoo, kidole cha shahada kimefungwa bendeji kwa sababu mashine ya kukamulia nguo ilikibana juzi yake.

"Nola, vaa hii namba kumi na moja. Ruka mara moja tu, mwanangu, mtu wa watu ajiendee."

Aliruka mara tatu. Ya kwanza kwa woga, ya pili kwa kutii, ya tatu kwa sababu katika zile mbili za kwanza aligundua kwamba alikuwa akiota jambo hili tangu utotoni, na kwamba huenda hataambiwa tena. Alianguka kwa kiwiko. Kokoto moja ndogo imo ndani ya ngozi mpaka leo, ya buluu, kama jicho la samaki.

Kadi ilipotoka, Bert aliwaomba wote wanyamaze, klabu isije ikaaibika. Wakanyamaza. Bert akafa, wachezaji wenzake Ray wakafa mmoja mmoja, kimya kikabaki kinajilinda chenyewe. Nola naye alikilinda, hata alipopita chini ya ukuta ule na mifuko ya sokoni. Kilichomtoa ndani ya kimya hicho ni kocha mpya wa timu ya wasichana. Mwezi uliopita aliwapanga wasichana mbele ya ukuta, akanyoosha kidole juu, akasema, "Mnamwona huyo? Rukeni kama Ray Dobbin. Mwili wa mwanamke hauwezi, lakini jaribuni." Wasichana wakatazama juu. Nola alikuwa kwenye uzio, amekuja kumchukua mjukuu wa dada yake. Alisema "hapana neno" kwa mazoea, peke yake, kisha akasikia alichokisema.

*

Ndani kulikuwa na joto, harufu ya vitunguu vya kukaanga na makoti mabichi. Meza zilipangwa ukuta hadi ukuta, na juu yake kadi: za mpira, za kriketi, za majoka na wachawi wanazochezea vijana, wanasesere ndani ya maboksi yao, sarafu, vifuniko vya chupa. Wanaume watu wazima walisimama wawili wawili wakipekua mafungu wakinong'ona kama wasomao rozari: "Ninayo, ninayo, ninayo, sina. Hiyo sina! Ninayo, ninayo."

"Shoga!" Dulcie Marr alimwita kutoka dirisha la jikoni, koleo la soseji mkononi. Ndiye aliyekuwa upande wa pili wa kamba ya nguo Jumanne ile, na ndiye mtu pekee aliyejua Nola amekuja kufanya nini. "Umelowa kama paka wa kisimani. Kula kwanza."

"Nikila nitatapika."

"Basi kula ndiyo utapike kwa nguvu." Alimtilia soseji kwenye kipande cha mkate, akamwagia sosi ya nyanya. "Yuko kule. Wamemvisha na tai, maskini, kama maiti."

Ray Dobbin alikuwa jukwaani nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe cha klabu. Mzee mrefu, mashavu mekundu, mikono mikubwa isiyojua pa kujiweka. Watu walikuja mmoja mmoja na kadi zao, naye akazitia saini kwa kalamu nene ya wino wa buluu. Kando yake alikaa kijana kutoka Melbourne aitwaye Dilan, mwenye mashine ndogo ya kuchapia na rundo la makasha ya plastiki. Kazi yake ilikuwa kushuhudia. Akiona kwa macho yake mchezaji wa kwenye kadi akiisaini, huifunga kadi ndani ya kasha, hubandika lebo yenye jina, na tangu hapo hakuna duniani wa kubisha.

Msimamizi wa maonyesho, Clive Herrick, alikuwa na meza yake chini tu ya jukwaa. Katikati ya meza, juu ya kitambaa cha mahameli, ilikaa peke yake kadi ya Ray Dobbin ya 1973 iliyo nzuri kuliko zote zilizobaki, kona zake kali kama ndiyo kwanza zimekatwa.

"Nola! Hata wewe?" Clive alicheka alipomwona kwenye foleni ya saini. "Sikujua kama una kadi. Umeitunzia wapi, chini ya keki?"

"Kwenye kopo la biskuti."

"Mungu wangu. Ina mafuta?"

"Ina harufu ya chingamu. Sikuwahi kuiosha."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Mbele yake walibaki watu wanne. Wakabaki wawili. Nyuma yake alisimama bwana mmoja mnene mwenye buti za mgodini, Gus, aliyekuwa akilalamika kwa kila mtu kwamba amesimama tangu milango haijafunguliwa. Kisha mbele hakubaki mtu, akapanda jukwaani.

Ray aliinua uso. Walikuwa wakisalimiana miaka yote kwa kichwa, kwenye mazishi na dukani, kama watu waliowahi kugombana wakasahau sababu. Ila wao hawakuwahi kugombana.

"Nola."

"Ray."

Aliiweka kadi mezani. Ray akavuta kalamu, na Nola akaweka kiganja juu ya kadi.

"Sikuja utie saini. Nimekuja niitie saini mimi, na huyu kijana ashuhudie."

Dilan alitabasamu kwa adabu. "Samahani, mama, anayesaini ni yule aliye kwenye picha."

"Ndiyo. Ni mimi."

Aliyasema kwa sauti ndogo kuliko alivyokusudia, lakini jukwaa la Dunmallow limejengwa kwa mbao nyembamba na sauti husafiri. Mtu alicheka karibu na meza ya sarafu. Gus akasema, "Nini tena? Nini tena?"

"Kadi inasema R. Dobbin, mama."

"Najua inachosema. Tazama kidole cha shahada, mkono wa kulia. Unaona bendeji? Mashine ya kukamulia nguo." Aliinua kidole chake. Kilikuwa kimepinda kwenye kifundo cha juu, kama msumari uliogongwa vibaya. "Hiki hapa."

Clive alikwisha kupanda ngazi. "Nola, mpenzi wangu, hebu shuka. Watu wanasubiri."

"Nami nimesubiri."

"Mzee Ray," Dilan alisema, ametahayari, "kidole kiliumia?"

Ray alikohoa. "Aa... mpira wa zamani, kijana. Vidole vilikuwa vinaumia kila siku."

"Chako kiliumia lini, Ray?" Sauti ilitoka dirisha la jikoni. "Ulipokuwa unainua bilauri?"

Ukumbi ulilipuka kicheko. "Dulcie, geuza soseji zako!" Clive alifoka. "Zimegeuzwa! Sasa namngoja yeye ageuke!" Dulcie alijibu, na kicheko kikarudi mara ya pili, kikaisha polepole, kwa sababu Nola hakuwa akicheka, wala Ray.

"Nitamwita mtu akutoe," Clive alimwambia kwa sauti ya chini. Sasa hakuwa akitania. "Unaichafua kadi ya mji huu. Unaelewa? Ukuta mzima kule nje. Unataka nini, uzeeni hivi? Unataka kiki?"

"Mwite. Ila aje na mwenzake, sitembei."

Kisha akamwinamia Ray, kiasi cha kusikika na yeye tu na kijana wa Melbourne. Hakutaka kumuumiza, hilo ndilo lililokuwa gumu, kwamba hata sasa hakutaka. "Sikuombi uone haya, Ray. Ulikuwa kijana, ilikuwa harusi. Na mpira ulicheza, hakuna wa kukunyang'anya mpira wako. Lakini hicho kimoja ni changu. Useme tu ni nani."

Ray aliitazama kadi. Aliitazama kwa muda mrefu mno kwa mtu aliyekwisha kuisaini mamia ya mara. Mkono wake mkubwa ulikuja ukagusa ukingo wa kadi, ukarudi.

"Nilikuwa Burnie," aliiambia meza.

"Vipi, mzee?"

"Nilikuwa Burnie, nimesema. Wakati mtu wa picha alipokuja. Nilirudi siku ya pili, Bert akaniambia imekwisha." Aliinua macho. "Ni yeye. Sijawahi kuruka hivyo maisha yangu. Nani angeruka hivyo juu ya kokoto, mimi mwendawazimu?"

*

Nola alikuwa ameiwazia dakika hiyo mara nyingi. Kuna siku aliwazia watu wakimzomea, na siku nyingine, akijionea haya, aliwazia wakimpigia makofi. Hakuwahi kuwazia kilichotokea.

Clive alisimama mdomo wazi, uso umempauka kama unga. Halafu rangi ikarudi, ikapita kiasi. "Kosa," alisema. Alilitamka kama mchimbaji anavyotamka dhahabu. "Jamani! Ni kadi ya kosa!"

Neno lilikimbia ukumbini. Hakuna kitu wakusanyaji wanachokipenda kama kadi iliyokosewa: jina la huyu kwa picha ya yule, jezi iliyogeuzwa, mchezaji wa mkono wa kulia aliyechapwa wa kushoto. Waliokuwa wakitazama jukwaa walikimbilia meza. "Dobbin! Nani ana Dobbin?" "Ninazo mbili!" "Ulizonazo ziweke chini, nimeziona mimi kwanza!" "Mwanamke, bwana! Kosa la mwanamke, hakuna jingine kama hilo Australia nzima!" Clive alikwisha kushuka, ameilalia kadi yake ya mahameli kwa kifua kizima, anacheka na kufuta macho. Katika kelele zote zile hakuna aliyemtazama Nola. Alisimama na kidole chake kilichopinda, kama mtu aliyewaletea watu mzigo wakaupokea na kumfungia mlango.

"Hongera, mama," Dilan alisema kwa furaha ya kweli. Mashine yake ilikuwa ikitoa lebo. "Nimewauliza ofisini kwa ujumbe, wamekubali tuifunge."

Nola alivaa miwani akaisoma. KOSA. MCHEZAJI ASIYEJULIKANA.

"Asiyejulikana na nani?"

"Ni... ni utaratibu tu, mama. Mashine inakubali majina ya wachezaji waliochapwa kwenye kadi za mwaka ule. Kama si mmoja wao, tunaandika hivyo."

"Jina langu ni Nola Tapscott. Nimelitaja mbele yako. Huyu amelithibitisha mbele yako. Sasa nimekuwa asiyejulikana?"

"Nola, shukuru basi!" Clive alipaza sauti kutoka chini, amechangamka kama bwana harusi. "Ulitaka utambulike, umetambulika. Wewe sasa ndiye kosa maarufu kuliko yote Tasmania!"

"Mimi si kosa, Clive."

Safari hii sauti haikuwa ndogo. Hata wale waliokuwa wakigombania mafungu waligeuka.

"Niliambiwa vaa, nikavaa. Niliambiwa ruka, nikaruka. Mpira ulirushwa nikaudaka, ukitaka kujua, hapo kwenye picha bado haujafika lakini niliudaka. Hakuna nilichokosea. Kosa ni hayo maandishi hapo chini, na aliyeyaandika hakuwahi kufika huku." Alimgeukia Dilan, na kwa kuwa kijana alikuwa na uso mpole, alipunguza ukali. "Andika jina langu, mwanangu."

"Siwezi, mama. Kweli siwezi. Mashine haitakubali."

"Basi baki na plastiki yako."

Alichukua kalamu nene mkononi mwa Ray, na Ray aliiachia bila kuvuta.

"Usifanye hivyo!" Clive alianza kupanda ngazi, akajikwaa. "Nola, bila lebo, hiyo si saini, ni uchafu! Unaiua! Kadi safi ya kosa unaiua kwa mkono wako!"

Aliisaini. Aliandika N polepole, akaharakisha kwenye o, na alipofika Tapscott mkono ulikwisha kuzoea. Aliandika pale pale palipochapwa R. Dobbin, juu yake, mpaka herufi za chini zikafunikwa. Aliipuliza wino ukauke. Clive alikaa kwenye ngazi na kushika kichwa, na kutoka jikoni Dulcie alipiga kigelegele kimoja kikavu, kisha soseji zikasikika zikiungua.

Gus alisogea mbele, buti zikigonga mbao. "Zamu yangu. Mambo yenu mtamaliziana nje." Aliweka kadi yake mbele ya Ray: Dobbin, 1973, kona moja imeliwa. "Saini, mzee. Marehemu baba alinipa hii."

Ray hakugusa. "Hiyo sisaini."

"Nimesimama tangu asubuhi!"

"Nimezisaini nyingi mno. Ile ya mwaka uliofuata, ukiwa nayo, lete, nitaisaini, ile ni mimi nimesimama kama mlingoti. Hii siyo." Alivuta kiti chake nyuma, kikakwaruza sakafu, akasimama kwa shida na kumwonyesha Nola kiti. "Mwenyewe huyo. Mwombe."

Gus aliitazama kadi, akamtazama mwanamke mwenye sweta lililolowa na sosi ya nyanya kwenye mkono, akaitazama tena kadi.

"Gus, usiwe mjinga," Clive alisema kutoka kwenye ngazi. "Ipeleke ikafungwe hivi hivi ilivyo. Akiiandika hutampata mtu wa kuitaka."

"Kwani nani amekwambia nauza?" Gus hakugeuka. Alimsogezea Nola kadi kwa kidole kimoja kinene chenye vumbi la mgodi kwenye kucha. "Ni wewe kweli, mama?"

"Ni mimi."

"Na ulianguka wapi?"

Nola alikunja mkono wa sweta, akamwonyesha kiwiko. Gus aliinama akaitazama ile kokoto ya buluu chini ya ngozi, kwa makini, kama anavyotazama mwamba.

"Duh," alisema. "Haya, andika. Lakini uandike vizuri, lisomeke. Usiliandike pembeni kama mtu anayeomba radhi."

Nola hakukaa kwenye kiti. Aliandika akiwa amesimama, ameinama, kwa herufi kubwa kuliko za mara ya kwanza, juu ya jina lililochapwa. Kadi ilikuwa ndogo na jina la Tapscott ni refu. Wino ulifika ukingoni, ukavuka, ukaishia kwenye kitambaa cheupe cha klabu. Hakuufuta. Alimrudishia Gus kadi yake, akanyoosha mgongo, akamtazama aliyefuata kwenye foleni.